Godoro la Mzee

Mgeni akifika nyumbani hukaribishwa sebuleni. Huona viti, meza yenye kitambaa kilichofumwa, na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani. Chumba kimoja haonyeshwi, nacho ni kile alalamo babu au bibi. Katika nyumba nyingi za vijijini, mtu akiingia humo akainua shuka, atakuta godoro lililobonyea katikati kama mtumbwi, sponji imemomonyoka pembeni, na chini yake magunia yamepangwa kuziba nafasi za chaga zilizovunjika. Mara nyingi godoro hilo lina historia yake. Lilinunuliwa kwa ajili ya mtoto aliyekwenda shule ya bweni. Mtoto alipomaliza masomo alirudi nalo, limekwisha kazi, na kwa kuwa hakuna aliyelitaka tena, bibi akapewa.

Siku mzee huyo anapofariki, mambo hugeuka. Ukoo hukutana, michango hukusanywa, na jeneza hununuliwa lenye kitambaa laini ndani na mto wa kuegemeza kichwa. Kumzika mzee kwa heshima ni jambo jema, na Kanisa latufundisha kwamba kuwazika wafu ni tendo la huruma. Lakini mwili uliokufa hausikii ugumu wala baridi. Mwili uliosikia vyote hivyo usiku baada ya usiku, kwa miaka kumi, ni ule uliokuwa hai.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kuzungumza juu ya godoro la mzee: kwa nini alihitaji, jinsi ya kulichagua, na jinsi ya kulitunza. Huenda wengine wakaona ni jambo dogo. Hata hivyo, Amri ya Nne ya Mungu haishii katika kumwamkia mzazi shikamoo. Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu ya kitabu chake, aliwaagiza watoto wawasaidie wazazi wao wanapozeeka, hata akili zao zikipungua. Basi, tujiulize msaada huo una sura gani saa nane ya usiku, wakati kila mtu amelala na mzee peke yake yu macho.

MWILI WA MZEE SI KAMA WA KIJANA

Kijana aweza kulala juu ya mkeka, au hata juu ya benchi la kituo cha basi, na asubuhi akaamka akaenda kulima. Mwili wake una nyama ya kutosha kati ya mfupa na ngozi. Damu yake yapita vizuri, na katika usingizi hujigeuza mara nyingi bila kujua.

Mtu anapozeeka, nyama hupungua na ngozi huwa nyembamba. Mfupa wa nyonga, wa bega na wa kisigino huwa karibu sana na godoro. Viungo vyenye baridi yabisi hukaza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, na kujigeuza kwahitaji nguvu. Kama godoro limebonyea, kujigeuza ni kama kupanda kutoka shimoni. Matokeo yake huamka kila mara, na asubuhi kiuno kimekakamaa hata hawezi kuinama kuchota maji. Mzee wa namna hiyo husinzia mchana kutwa, na watu husema, "Ni uzee tu." Pengine uzee upo, lakini godoro nalo lina sehemu yake.

Kuna na jambo la baridi. Mwili wa mzee hautoi joto kama zamani. Wale wakaao katika nchi za juu, kama Njombe, Mbulu, Lushoto na Rungwe, wajua jinsi baridi ya mwezi Juni na Julai inavyopenya. Wengi huongeza blanketi juu, wakasahau kwamba baridi huja pia kutoka chini. Blanketi tatu juu ya mzee alalaye kwenye godoro jembamba mno hazimpi joto analolihitaji.

Tena mzee huamka usiku kwenda haja ndogo, mara mbili au tatu. Kitanda kilicho kirefu mno, au godoro linaloteleza na kuinama pembeni, vyaweza kumwangusha. Mzee akivunjika mfupa wa nyonga, mara nyingi hatembei tena kama mwanzo. Kwa hiyo godoro na kitanda si mambo ya starehe peke yake. Yahusu pia miguu yake na uhai wake.

WALIOTUTANGULIA WALILALIA NINI

Mababu zetu hawakukosa akili katika jambo hili. Kila nchi ilitumia kile ilichokuwa nacho. Wafugaji walitandika ngozi ya ng'ombe. Penye migomba, watu walikausha majani yake wakayapanga kitandani na kuyabadilisha yalipochakaa. Wengine walitumia nyasi laini, na juu yake mkeka. Pwani walikuwa na kitanda cha kamba na godoro la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, au la sufi. Sufi ni pamba nyepesi inayotoka katika tunda la msufi. Hailowi upesi, hata watu wa meli walikuwa wakiijaza katika maboya ya kuokolea watu baharini.

Godoro la sufi au la pamba lilikuwa na sifa moja nzuri. Lilipogandamana, mama aliweza kulifumua, akalianika, akalichambua kwa mikono na kulishona tena likawa kama jipya. Mahali ambapo misufi bado ipo, godoro hilo lafaa mpaka leo, mradi lijazwe vizuri na kuchambuliwa kila linapokaza.

Lakini kulala chini kuna hatari yake. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, huuma, kisha hurudi mafichoni. Wenyeji walijua tangu zamani kwamba huleta homa. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza wadudu hao hapa nchini, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka huo huo daktari Mwingereza J. Everett Dutton alikufa huko Kasongo, Kongo, akiwa katika kazi ya kuichunguza homa hiyo. Basi, mzee asilazwe sakafuni, hasa katika nyumba ya udongo, ati kwa sababu ndivyo alivyozoea. Kitanda kiinuke, nacho kisigusane na ukuta.

Siku hizi magodoro mengi tunayoyaona madukani ni ya sponji. Sponji hiyo hutokana na kazi ya mkemia Mjerumani, Otto Bayer, aliyegundua njia yake huko Leverkusen mwaka 1937. Ni nyepesi, huzuia baridi, na husafirishwa kwa urahisi. Tatizo ni kwamba sponji zote kwa macho hufanana. Iliyo imara na iliyo hafifu huvikwa kitambaa kilekile chenye maua, na mnunuzi asiyejua huchagua maua.

GUMU AU LAINI?

Watu wengi wameambiwa kwamba mwenye maumivu ya mgongo sharti alalie godoro gumu kabisa, au ubao mtupu. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida hata hospitalini kwa miaka mingi.

Madaktari wa Hispania waliamua kuupima. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wakawapa wengine godoro gumu, na wengine godoro la ugumu wa kati. Wenyewe hawakuambiwa ni lipi walilopewa. Baada ya siku 90, wale wa godoro la ugumu wa kati walikuwa wamepata nafuu zaidi, kitandani na walipoamka. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2003 katika jarida la udaktari liitwalo The Lancet.

Maana yake ni rahisi. Godoro gumu mno hugusa mwili mahali pachache tu: bega, nyonga na kisigino. Kiuno hubaki hewani bila kitu cha kukishika. Godoro laini mno huacha makalio yazame, na mgongo ukakunjika kama upinde. Godoro lifaalo huruhusu bega na nyonga kuingia kidogo, huku likishika kiuno, hata uti wa mgongo unyooke.

Kwa hiyo hakuna godoro moja la wazee wote. Bibi mwembamba mwenye kilo 45, alalaye ubavu, ahitaji godoro laini kidogo kuliko babu mwenye kilo 85. Babu huyo akipewa lile la bibi, atalizamisha mpaka aguse chaga. Na kama mume na mke wazee walala kitanda kimoja, uzito wao wote wawili uangaliwe. Godoro hafifu huinama upande wa mzito, na yule mwepesi hukesha akijizuia asiteremke.

JINSI YA KULIPIMA DUKANI

Kwanza, pima kitanda kabla ya kutoka nyumbani. Vitanda vya mafundi wetu wa kijijini havilingani sikuzote na vipimo vya kiwandani. Chukua futi ya fundi, au kamba uifunge fundo, upime ndani ya mbao, urefu na upana. Magodoro huuzwa kwa futi: 3 na nusu kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, na 6 kwa 6. Godoro lililoingizwa kwa nguvu hujikunja katikati, na lililo dogo huacha ufa ambamo mkono wa mzee waweza kubanwa.

Pili, fikiri juu ya unene. Inchi 3 au 4 ni za mtoto wa shule. Kwa mzee, inchi 6 za sponji nzuri hutosha watu wengi. Aliye mzito ahitaji inchi 8. Usidanganywe na unene peke yake. Inchi 10 za sponji hafifu huzama na kuwa kama 4 kabla ya mwaka kwisha.

Tatu, lipime kwa mizani. Hili ni jambo ambalo wakulima wa kahawa na pamba walielewa upesi. Ubora wa sponji hujulikana kwa uzito wake katika mita moja ya ujazo. Huhitaji mahesabu makubwa. Godoro la futi 4 kwa 6, lenye unene wa inchi 6, ni karibu theluthi moja ya mita ya ujazo. Basi, litie mizanini, kisha zidisha kilo zake kwa 3. Likiwa na kilo 5, utapata 15: hilo ni jepesi, na mtu mzima atalibonyeza upesi. Likiwa na kilo 8 na nusu, utapata 25 na zaidi: hilo ni la kutegemewa. Kwa mtu mzito tafuta lifikalo 30. Uzito wa kitambaa umo ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo usihesabu kwa ubahili.

Lakini mizani isiwe shahidi pekee. Yako magodoro yaliyotengenezwa kwa vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa pamoja. Hayo huwa mazito, na mara nyingi magumu kama ubao. Fungua zipu utazame ndani. Ukiona rangi nyingi zimechanganyika kama mawe ya kokoto, ndilo hilo. Halikatazwi, na laweza kuwa tabaka la chini lenye laini juu yake, lakini peke yake halimfai mzee mwenye mifupa iliyotokeza.

Nne, bonyeza kwa ngumi mpaka mwisho, kisha uachie. Sponji nzuri huinuka mara moja na haiachi alama. Tazama pia kama lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, na jina la kiwanda. Omba risiti. Muuzaji anayekataa kukuonyesha ndani ya godoro, au kukuandikia risiti, mwache na mali yake.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: mzee mwenyewe alilalie. Wana wengi walio mijini hununua godoro kwa nia njema, wakalikunja, wakalitia katika basi, na kumpigia mama simu aende kulipokea kituoni. Mama hushukuru, maana ndivyo alivyolelewa, hata kama godoro lamtesa. Ni afadhali kungoja siku anapokwenda kliniki au mnadani, mwanawe au mjukuu akafuatana naye dukani. Avue viatu, alale kama alalavyo nyumbani, dakika 10, bila kuharakishwa. Kama dukani ni mbali mno, basi ajaribu kwanza godoro la jirani au la ndugu, aseme kama lampendeza, kisha linunuliwe la namna hiyo.

Anapolala chali, mjukuu apitishe kiganja chini ya kiuno. Mkono ukipita wazi kama chini ya daraja, godoro ni gumu kwake. Ukishindwa kabisa kuingia, ni laini mno. Ukipita kwa kugusagusa, ndivyo iwavyo. Halafu mzee ajigeuze kushoto na kulia, kisha akae pembeni na kusimama. Akisimama bila kuvutwa, godoro hilo limefaulu mtihani. Muulizeni yeye. Msimwulize mwenye duka.

KITANDA CHENYEWE

Godoro jipya juu ya kitanda kibovu ni hasara. Chaga ziwe nyingi na zisiachane zaidi ya inchi 3, la sivyo sponji huzama katika nafasi zake na kukatika. Iliyovunjika ibadilishwe, fundi seremala aweza kuzipanga kwa nusu siku. Wala godoro jipya lisitandikwe juu ya lile bovu ili liwe nene. Shimo la chini huvuta la juu, na baada ya miezi michache mwapata mashimo mawili.

Urefu wa kitanda upimwe pamoja na godoro. Mzee akikaa pembeni, nyayo zote ziguse sakafu na magoti yakunjike kama akaavyo kitini. Kwa watu wengi ni inchi 18 mpaka 20 toka sakafuni hadi juu ya godoro. Ukinunua la inchi 8 kwa kitanda kilichotengenezewa la inchi 4, kitanda chaongezeka urefu, na bibi aliyezoea kushuka gizani ataikosa sakafu. Matendegu yakatwe, au yapandishwe kwa vipande vya mbao vilivyopigwa imara, kadiri inavyohitajika. Tochi au taa ya jua iwekwe karibu na mkono wake, na mkongojo usiwekwe mbali.

MGONJWA ASIYEWEZA KUINUKA

Nyumba yenye mzee aliyepatwa na kiharusi, au aliyeishiwa nguvu kabisa, iangalie jambo hili kwa uangalifu zaidi. Mtu akilala mahali pamoja kwa muda mrefu, uzito wake huzuia damu kupita katika ngozi iliyobanwa, na ngozi hufa. Hapo hutokea vidonda juu ya mfupa wa kitako, nyonga, visigino na visugudi. Huanza kama wekundu au weusi usioondoka ukiubonyeza, na kisha huchimba mpaka ndani. Kwa mwenye kisukari ni hatari zaidi, maana miguu yake haisikii maumivu vizuri.

Godoro zuri lasaidia, lakini halitoshi. Wauguzi hufundisha kwamba mgonjwa wa namna hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, ngozi itazamwe kila siku, na visigino viinuliwe kwa mto mdogo uwekwao chini ya miguu, ili vielee bila kugusa kitu. Asivutwe juu ya shuka. Ainuliwe na watu wawili. Kama hawezi kuzuia haja, funika godoro kwa mpira kama ule wanaoutumia akina mama kwenda kujifungua, na juu yake shuka ya pamba, ibadilishwe kila inapolowa. Ukiona ngozi imebadilika rangi, mpeleke zahanati au mwite mhudumu wa afya mapema. Usipake majivu wala dawa ya kukisia.

Yule aliyepooza wa Kapernaumu alikuwa na marafiki wanne, nao walimbeba pamoja na godoro lake, wakatoboa dari ili afike kwa Yesu. Wagonjwa wetu nao wahitaji wanne wao. Jumuiya Ndogo Ndogo yaweza kupanga zamu za kwenda kumgeuza mgonjwa, ili binti mmoja asichoke peke yake.

KULITUNZA, NA HATARI YA MOTO

Godoro likifika nyumbani, toeni karatasi ya nailoni. Watu wengi huiacha lisichafuke, na mzee hulala juu yake akitokwa jasho, huku ikilia kila anapojigeuza. Shoneni foronya kubwa ya kitambaa cha pamba, ifuliwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Godoro lililofika likiwa limebanwa na kukunjwa liachwe wazi siku nzima lijae hewa kabla ya kulaliwa.

Kila mwezi ligeuzwe, upande wa kichwa uwe wa miguu. Lipigwe na hewa kivulini, au katika jua jepesi la asubuhi likiwa na kitambaa chake. Jua kali la mchana, ambalo ni rafiki wa godoro la sufi, huigeuza sponji kuwa ya manjano na kuifanya imeguke kama mkate mkavu. Kunguni wakionekana, wamwagieni maji yachemkayo katika viungo vya kitanda na chaga, na nguo zote za kulalia zichemshwe. Msinyunyize dawa ya shambani juu ya godoro la mtu.

Sponji ina adui mmoja mkubwa, moto. Huwaka upesi sana, na moshi wake una sumu iuayo kabla moto wenyewe haujafika. Koroboi, mshumaa, kiko na dawa ya mbu ya kuchoma visiwe karibu na kitanda. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kabisa, hata katika baridi ya Julai, kwa maana hewa yake huua bila harufu. Kama mzee asikia baridi, ongezeni blanketi moja chini yake, kati ya shuka na godoro, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri katika kitambaa, isiguse ngozi.

Siku ikifika ambapo fimbo iliyonyooka ikilazwa juu ya godoro tupu yaonyesha shimo la inchi 1 na nusu, jueni limekwisha, hata kama kitambaa chake bado kizuri.

"MIMI NI WA KUONDOKA"

Kizuizi kikubwa mara nyingi ni mzee mwenyewe. Mwana akisema, "Baba, tumeona tukununulie godoro," hujibiwa, "Mwanangu, mimi ni wa kuondoka. Wapelekeeni watoto ada." Maneno hayo ni ya mzazi aliyezoea kujinyima maisha yake yote. Watoto wasiyachukue kuwa ruhusa. Mtu aliyelala njaa ili ninyi mle hatajifunza leo kujiombea. Jibu lifaalo ni kwenda na futi ya kupimia kitanda.

Nanyi wazee wapendwa, pokeeni. Kukubali kutunzwa si uroho. Mwawapa watoto nafasi ya kuishika Amri ya Nne, na wajukuu hujifunza kwa kuona. Tena, mkipewa godoro, lilalieni. Tumezoea kuona bibi analifunga na kuliweka juu ya kabati likingoja wageni, au anampa mjukuu wa kiume aliyekuja likizo, mwenyewe akarudi kwenye gunia. Wana wa nyumba wawe macho: godoro la mzee lisihamishwe chumba, hata arusi ikija.

Fedha je? Si kila nyumba yaweza kununua mara moja. Lakini watoto watano wakigawana, mzigo hupungua, na twajua jinsi michango ya msiba inavyopatikana kwa siku mbili. Mwenye uwezo mdogo aanze na chaga na kitanda, kisha sponji imara ya inchi 4, nyembamba lakini nzuri, juu ya godoro la nyasi au sufi lililojazwa upya na kusawazishwa. Wazee wasio na watoto, au ambao watoto wao wamepotelea mijini, ni wa Jumuiya na wa WAWATA. Marehemu Papa Fransisko aliiweka mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, iadhimishwe Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria. Siku hiyo twawapa wazee zawadi za kanga na sukari. Ni vizuri. Parokia ikitaka kuongeza zawadi nyingine, iulize kwanza kila mmoja wao alala juu ya nini.

Tunamalizia kwa shauri moja lisilohitaji fedha. Usiku wa leo, baada ya Rozari, mwenye nyumba amwombe baba au mama yake ruhusa, aingie chumbani mwake, alale juu ya godoro lake dakika 10 kwa saa. Alale chali, kisha ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Baada ya hapo hatahitaji mwandishi wa gazeti kumwambia lililobaki.